Kupanda Ngong Hills na mtoto mdogo ukiwa mtu mzima peke yako

Kabla hata hujafunga begi elewa hivi: ukiteguka mguu huko kilima cha tatu, huyo mtoto wa miaka minne hana mtu mwingine, kwa hivyo mipango yote inaanzia hapo, viatu baadaye.

Mwambie mtu wa nyumbani mnaingilia geti gani na ikifika saa ngapi kama hujapiga simu aanze kuwatafuta. Mpe saa kabisa, sio ati "jioni jioni". Pale getini lipia askari wa msitu, wale wa KFS (Kenya Forest Service), mtembee naye, manake huko juu watu washaporwa, na ni mtu mzima wa pili pia. Wengine huona ni pesa ya bure, mimi naona ndio pesa ya maana kuliko zote siku hiyo.

Sahau ile ya kuvuka vilima vyote mpaka Kona Baridi kule mwisho wa njia, ni kama kilomita 10 hivi na njia yote ni kupanda na kushuka. Kilima kimoja ama viwili mnageuka, tena mnageuka yeye akiwa bado na nguvu ya kurudi. Mkipanda atangulie umuone, mkishuka utangulie wewe umshike mkono, ile changarawe inateleza vibaya.

Sasa baridi. Kilele kiko mita 2,460 hivi na zile mashine za umeme wa upepo hazikuwekwa pale bure, upepo hauishi. Ukimbeba mgongoni kwa leso wewe unatoa jasho unafikiri kuko sawa kumbe yeye ametulia tu hapo nyuma anaganda, so kila mara ingiza mkono umguse shingo ama tumbo, vidole vyake vitakudanganya. Beba sweta ya ziada, kofia, na uji moto kwa thamosi. Mtoto anayelia baridi bado yuko sawa, wa kuogopa ni yule alikuwa analalamika halafu akanyamaza, anasinzia, hata ndizi hataki. Huyo mvalishe nguo kavu, mkumbatie, mshuke saa hiyo hiyo. Na mkisikia radi msingoje mvua, huko juu ni wazi na nyinyi ndio warefu.

Nyumbani mfanye mazoezi kama mchezo. Filimbi shingoni, akipotea anakaa chini pale pale anapuliza mara tatu, hakutafuti. Muonyeshe pia vile 112, namba ya dharura, inapigwa simu ikiwa imewaka lakini skrini iko lock (msiipige kweli!) na ajue kusema "mama ameanguka, tuko Ngong Hills". Namba ya baba ama shosho muandikie na biro kwa mkono.

Mkifika chini piga ile simu ya nyumbani kabla ya kuingia matatu, watu husahau, halafu ukoo mzima unatafuta mtu ambaye yuko Ngong town anakula chipsi.