Kabla hujamshika wala kumwogesha kasuku: mambo ya kuzingatia kwa tunaoishi Mwanza

Anza na kibali, kabla hata ya tundu. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyama wa porini ni mali ya umma, na ndege wamo. Hili linatugusa kwa karibu, maana wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu kwao ni hapa hapa, kusini mwa ziwa hadi Serengeti. Miaka ya 1980 walinaswa kwa maelfu na kuuzwa nje. Kasuku wa kijivu naye yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 2017; hiyo ndiyo orodha yenye ulinzi mkali zaidi. Muuzaji akikosa karatasi, ondoka, hata kama ndege anakusalimia kwa jina.

Kisha kagua jikoni. Mapafu ya ndege hunyonya hewa vizuri kuliko yetu, na sumu pia. Moshi wa jiko la mkaa unamdhuru. Kikaango cha nonstiki kilichosahaulika motoni kinaweza kumuua kwa muda mfupi. Tundu likae mbali na jiko. Parachichi, chokoleti na kahawa asiguse kabisa. Pilipili, ukitaka, mpe: ndege hausikii ule ukali. Ukimtoa barazani, awe ndani ya tundu, kwa sababu mwewe wa Mwanza hawana hodi.

Mafunzo ndiyo yanayotaka maandalizi makubwa, na mengi ni ya kwako wewe. Wengi huanza kumlazimisha aseme "shikamoo" wakati bado anaukimbia mkono. Mwache kwanza azoee sauti yako, kisha mkono uliotulia karibu na tundu, kisha mbegu ya alizeti kutoka vidoleni. Alizeti ina mafuta mengi, kwa hiyo iwe zawadi ya mafunzo, isiwe mlo wa kila siku. Akishazoea, weka kidole (au mkono, kwa kasuku mkubwa) chini ya kifua, juu kidogo ya miguu, na useme neno moja: "Panda." Nyumba nzima itumie neno hilo hilo. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Mwachie akiwa bado ana hamu.

Ataugusa mkono kwa mdomo kabla ya kupanda, kama mtu anavyojaribu ubao wa daraja kwa mguu. Hajakuuma. Ukiuvuta, amejua kwamba mkono huo haukaliki. Ila mboni zikipanuka na kusinyaa harakaharaka, mkia ukitanuka na manyoya ya shingo yakisimama, acha mpaka baadaye. Na akikuuma kweli, usipige kelele: kwa baadhi yao kelele ni burudani, na kesho watairudia.

Ikibidi kumshika, tuseme kwa ajili ya dawa, tumia taulo ambalo umeshamzoesha kuliona. Dhibiti kichwa na mabawa, lakini usibane kifua. Ndege hana kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kama chetu. Hupumua kwa kutanua kifua, na kifua kilichobanwa hakimpi pumzi.

Kuoga ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Tumia maji safi ya vuguvugu, bila sabuni. Hata ukikaa Kirumba, hatua chache kutoka ufukweni, usimchotee ya ziwani, yenye mafuta ya mitumbwi na uchafu wa mitaroni. Jaza chupa ya kupulizia na uielekeze juu yake, maji yamshukie kama manyunyu, yasimpige usoni. Wale wadogo hupenda bakuli la kina kifupi, au kujisugua kwenye mchicha uliolowa. Muogeshe asubuhi ili akauke kabla ya jioni, mahali pasipo upepo mkali. Mashine ya kukaushia nywele iache. Baadhi zina ule utando wa vikaango vya nonstiki.

Nunua pia mizani ya jikoni inayosoma gramu. Ndege huficha ugonjwa, na uzito hushuka kabla hujaona dalili nyingine. Mtafute mapema daktari wa mifugo aliyewahi kutibu kasuku, maana wengi wamezoea kuku na ng'ombe, na uwe na tundu dogo la kumsafirishia siku atakapoumwa.