Jinsi ya kuomba malezi ya kambo Dar es Salaam, barua isirudi kama yangu

Kosa langu la kwanza lilikuwa neno moja, na lilinigharimu wiki saba.

Neno lenyewe ni kambo. Sisi Waswahili tumelitia sumu wenyewe. Mtu akisikia mama wa kambo anamwona mwanamke kashika mwiko, na si wa kusongea ugali. Nilipokwenda na baba watoto kwa kijana anayechapa barua chini ya mwembe nje ya ofisi za manispaa (manispaa yangu siitaji, yenyewe inajijua), nikamweleza tunataka kumtoa mtoto kwenye makao ya watoto tumlee nyumbani. Akatingisha kichwa. "Mama, kambo usiandike, inasomeka vibaya. Hapo weka kuasili." Akachapa, akachukua elfu kumi na tano yangu, humo ndani ikiwamo "fomu" ambayo baadaye niligundua ni kopi ya kopi ya kopi. Barua ikaenda. Baada ya wiki saba ikarudi na maneno matatu ya kalamu nyekundu: mwombaji afafanue maombi.

Kwa hiyo fafanua mapema. Malezi ya kambo maana yake unakabidhiwa mtoto umlee kwako, chini ya jicho la Ustawi wa Jamii. Jina lake linabaki lake, ndugu zake wakijitokeza wanasikilizwa, na ofisi ikiona hayuko salama inamhamisha. Kuasili ni amri ya Mahakama Kuu, na baada ya hapo ni mwanao kisheria kama uliyemzaa. Yote mawili yamo kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kambo ina kanuni zake za mwaka 2012. Wengi huanza na kambo, wakishazoeana na mtoto ndipo wanakwenda mahakamani. Ipo na njia ya tatu, ya familia za kuaminika, ambazo humpokea mtoto kwa dharura huku shauri lake likishughulikiwa. Hiyo sijaipitia, siiandikii.

Barua iwe ukurasa mmoja. Ielekeze kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, Dodoma, K.K. (yaani kupitia kwa) Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri unayoishi. Kichwa cha habari: YAH: MAOMBI YA MALEZI YA KAMBO. Sema ninyi ni nani, mnaishi wapi, mna watoto wangapi, kwa nini mnaomba, na mtoto wa umri gani mnaweza kumlea. Historia ya ndoa yenu iacheni, mtaulizwa tu.

Halmashauri ni ya unakolala, si ya unakofanyia kazi. Dar zipo tano: Jiji la Dar es Salaam, ambalo watu bado tunaliita Ilala, kisha Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Watu wa Mbezi wanateseka hapa kuliko wote, kwa sababu Mbezi ya Kimara ni Ubungo na Mbezi Beach ni Kinondoni. Nilimkuta mama mmoja kwenye benchi, kapanga foleni tangu saa moja asubuhi, saa tano anaambiwa ofisi yake ni nyingine. Alicheka, lakini si kicheko cha furaha.

Peleka nakala mbili. Moja unaiacha, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, unarudi nayo. Asiyekuwa na nakala yenye muhuri hajapeleka barua. Alipita tu kusalimia.

Viambatisho ni vile vile mnavyovijua: kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa kama mmeoana, picha, ushahidi wa kipato, taarifa ya daktari, wadhamini wanaowafahamu, na mkidaiwa cheti cha tabia njema mnakwenda polisi kuacha alama za vidole. Angalieni majina tu. Mimi kwenye NIDA ni majina matatu, kwenye cheti cha ndoa ni mawili, na kwenye barua ya mtaa mtendaji aliandika jina ninaloitwa na majirani. Kwa karani hao ni wanawake watatu.

Barua ya serikali ya mtaa inaanzia kwa mjumbe. Hailipiwi, lakini siku hiyo ndiyo utakumbushwa kuwa hujatoa mchango wa ulinzi shirikishi tangu mwaka jana. Lipa, omba risiti, endelea. Hiyo siyo vita ya kupigana leo.

Sasa njoo kwenye ziara ya nyumbani, maana hapa ndipo nilipoungua hasa.

Baada ya faili kupokelewa, afisa anakuja kuchunguza kaya. Tulidhani ni ukaguzi wa nyumba. Nikashona mapazia. Nikamwambia baba watoto apake rangi ukuta wa sebuleni. Tuliambiwa Ijumaa, nikapika pilau. Ijumaa hakuja mtu. Alikuja Jumanne iliyofuata, saa sita mchana, jua la utosi, maji yamekatika siku ya pili, ndoo zimejipanga kutoka mlangoni hadi jikoni, na mimi nimejifunga kanga moja nikichambua mchicha. Binti mdogo, umri wa mwanangu wa kwanza, na bahasha kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, samahani kwa hali."

"Hali gani mama, mbona kawaida?"

Na kweli ndoo hakuziangalia. Aliuliza mtoto atalala wapi. Nikajibu kama ambavyo ningemjibu mgeni yeyote: atalala na wenzake, watoto hawakosi pa kulala. Akaandika. Baadaye niliona alichoandika: kitanda hakijaandaliwa. Akauliza nani anabaki na watoto nikiwa kazini, dada wa kazi akaitwa akaulizwa peke yake, na mimi nimetolewa nje ya sebule yangu mwenyewe. Kisha akaniuliza, macho yake kwenye karatasi: "Samahani mama, wewe na baba mnagombana?" Nikasema hapana. Akaninyanyulia macho. Nikasema, ndiyo, lakini si mbele ya watoto. Akaandika zaidi ya vile nilivyosema.

Halafu akamwita kijana wetu wa miaka kumi na minne, aliyekuwa ndio kwanza ametoka shule. Akamuuliza anajisikiaje kupata mdogo wake mpya.

"Mdogo gani?" akasema mtoto. "Mimi sijaambiwa."

Yule binti akafunga daftari. Hakukasirika, hakutusema. Alimaliza maji yake, akatuaga vizuri, akasema atarudi "mkishakaa kama familia". Kurudi kwake kulichukua miezi miwili na siku kadhaa, kwa sababu ofisi ina kata nyingi na gari moja, na hilo gari nililikuta mara mbili limeinuliwa kwa mawe bila magurudumu ya nyuma.

Kwa hiyo kabla hujashona pazia, kaa na watoto wako uwaambie. Mwambie dada wa kazi. Mwambie bibi yao pia, maana akija kutoka kijijini akakuta mtoto asiyemjua atauliza maswali mbele yake. Mama mkwe wangu alitaka kujua kama mtoto atabeba jina la ukoo. Nikamjibu bado, labda mahakama ikisema. Akanyamaza siku mbili. Kitanda kinunue, kitandike, kitundikie chandarua, hata kama kitakaa kitupu mwaka mzima. Chetu kilikaa miezi mitano na paka ndiye aliyekifaidi.

Kuhusu nauli ya afisa: ataweza kukwambia hana usafiri. Usimpe bahasha. Sema uko tayari kumfuata na kumrudisha, au mwombe akupangie siku anayokuja na wengine wa kata yako. Mimi nilimlipia bodaboda mlangoni, yeye akiwa ameshapanda, majirani wakiona.

Baada ya ziara ni kusubiri. Taarifa ya uchunguzi inapanda juu, maswali yanashuka, unajibu, yanapanda tena. Sisi ilichukua miezi kumi na moja tangu ile barua ya kwanza ya mwembeni. Katika kipindi hiki ndipo watajitokeza vishoka. Wa kwangu alinipigia simu akisema anafahamu hospitali yenye kichanga "kisicho na mwenyewe". Kata simu. Anayekuuzia mtoto anakuingiza kwenye Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na yeye hutamwona tena. Na usiende makao ukizunguka kuchagua kama uko Kariakoo kwenye vitenge. Wanaomfahamu mtoto na waliofika kwako ndio wanaotafuta nani atafaa wapi, na wewe utaitwa kuzoeana naye kidogo kidogo.

Siku ya kumchukua, usisaini kabla hujapata haya: kadi yake ya kliniki, maelezo ya maradhi na mzio, cheti cha kuzaliwa au maandishi ya hatua iliyofikiwa, na barua ya utambulisho inayosema mtoto huyu yuko kwako kihalali chini ya ofisi fulani. Hiyo barua ndiyo roho yako. Mwalimu mkuu ataiuliza. Dirisha la mapokezi hospitalini litaiuliza, tena saa nane usiku mtoto ana homa, na karani anakukazia macho kama umemwiba. Mimi sikuwa nayo usiku huo kwa kuwa niliambiwa "itafuata". Ilifuata baada ya wiki sita.

Usimamizi, ambao wengi wanauogopa, kwangu ndio ulionisaidia, nilipojua kuutumia. Mwanzoni nilikuwa nikisikia hodi ya afisa naficha kila kitu. Mtoto wetu, miaka minne, alikuwa kila jioni akiketi mlangoni na kuniuliza: "Mama wa usiku anakuja saa ngapi?" Nilidhani anamtaka mama yake, nikawa nalia bafuni. Sikumwambia afisa, nikiogopa ataandika kwamba mtoto hajatulia. Nilipomwambia, mwezi wa pili, alicheka taratibu. Makao yale walezi wanapokezana zamu, na kila mlezi anaitwa mama. Mtoto alikuwa anangoja zamu ibadilike. Alinishauri nimwambie kila jioni, kwa maneno yale yale, kwamba mama wa usiku ni mimi na wa asubuhi ni mimi. Ilichukua kama wiki tatu akaacha kukaa mlangoni. Ningesema mapema ningejiokoa machozi ya mwezi mzima.

Kwa hiyo afisa akija, mpe matatizo. Kukojoa kitandani, kung'ata wenzake, shangazi aliyejitokeza ghafla anataka kumwona, vyote. Uliza anarudi lini, na uandike. Posho usiulize, mimi sijapewa hata shilingi, na wala sikuahidiwa. Unachoweza kudai ni ushauri, barua, na mtu wa kupokea simu. Akiwa hapokei, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni bure, na mlezi naye anaweza kuipiga, si lazima uwe mtoto. Ukitaka kusafiri naye nje ya mkoa, toa taarifa kabla hujakata tiketi. Na picha yake usiiweke status, hata akipendeza vipi siku ya Idi.

La mwisho ni kaunta buku. Nunua moja kubwa. Kila afisa akija, mwandikie tarehe, alichouliza, alichoagiza, naye asaini. Nilionekana mwanamke wa mashaka mpaka yule binti alipohamishwa mkoa mwingine. Aliyemrithi alikuja hana faili letu. Lilikuwa kwenye kabati ambalo ufunguo ulihama pamoja na binti. Akakaa, akafungua fomu mpya kabisa, akashika kalamu: "Haya mama, tuanze. Mtoto atalala wapi?"

Nikamletea kaunta buku. Akasoma ukurasa hadi ukurasa, chai ikapoa. Kisha akaniomba nimtolee kopi, ofisini mashine imeharibika. Kurasa thelathini na mbili kwa shilingi mia moja moja, pale pale chini ya mwembe.