Deki ya Video Iliyogoma Kuwaka Baada ya Umeme Kukatika: Jinsi ya Kuchunguza Pawasaplai Yake

Deki iliyokaa kwenye soketi kwa miaka mingi bila kuchomolewa, kisha ikagoma kuwaka siku umeme ulipokatika na kurudi, mara nyingi haikuunguzwa na umeme uliorudi, ingawa mwenyewe ataapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kilichotokea ni kwamba kapasita ndogo (kipuri kinachotunza chaji ya umeme) inayosaidia pawasaplai, yaani sehemu inayogeuza umeme wa soketi kuwa volti ndogo za deki, kuanza kazi ilikuwa imekauka zamani. Mashine ikishaamka, transfoma yake yenyewe huilisha aisii (chipu) inayoiongoza, na udhaifu wa kapasita hiyo haujitokezi. Inapolazimika kuanza upya kutoka sifuri, haina akiba ya kutosha kuivusha. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio wa vipimo, maana kubadilisha vipuri kwa kubahatisha hugharimu zaidi na huongeza makosa mapya juu ya lile la awali. Vilevile, deki mpya hazitengenezwi tena: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda, ilisimamisha kazi hiyo mwezi Julai 2016.

Hatua ya kwanza ni usalama, nami sitaipita haraka. Chomoa plagi, fungua kifuniko, kisha tafuta kapasita kubwa kuliko zote, ambayo kwa kawaida huandikwa volti 400 na uwezo wa kati ya mikrofaradi 47 na 150. Umeme wa nyumbani wa volti 230 ukishanyooshwa na daiodi, vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, huijaza kapasita hiyo hadi takriban volti 325. Panapotumika volti 120, deki nyingi huonyesha takriban 170. Usidhani kwamba mashine iliyokufa haina hatari, kwani pawasaplai isiyofanya kazi hainywi chaji hiyo, na kapasita inaweza kubaki imejaa kwa muda mrefu kuliko ile ya mashine inayofanya kazi. Pima kwanza kwa mita, kisha uimwage kwa risista (kipuri kinachozuia mkondo wa umeme) ya kiloomu 2.2 yenye wati 5, ukiishika kwa koleo lenye mpini wa plastiki kwa sekunde chache, halafu pima tena. Kuipiga shoti kwa bisibisi kunatoa cheche ya kutisha na kunaweza kung'oa njia za shaba kwenye bodi.

Hatua ya pili ni fyuzi. Ikiwa kioo chake kimetapakaa weusi au fedha, kuna shoti kubwa mbele yake, na kuweka fyuzi nyingine kabla ya kuitafuta shoti hiyo ni kupoteza fyuzi ya pili. Pima daiodi nne za kunyoosha umeme, kisha transista kubwa, inayowasha na kuzima umeme kwa kasi, iliyofungwa kwenye bati la kupoozea joto. Katika deki nyingi transista hiyo imo ndani ya aisii moja. Ukikuta imepigwa shoti, usiishie hapo: pima pia risista ndogo ya chini ya omu moja iliyo kwenye mguu wake, ambayo mara nyingi hukatika pamoja nayo, pamoja na optokapla, kipuri kinachorudisha taarifa kwa mwanga kutoka upande wa pili wa transfoma. Transista mpya iliyowekwa bila ukaguzi huo inaweza kufa sekunde ileile unapoiwasha.

Hatua ya tatu hufanywa mashine ikiwa na umeme, hivyo tumia balbu ya wati 60 ya waya wa kung'aa, siyo ya LED, iliyounganishwa kwa mfululizo kwenye waya mmoja wa umeme unaoingia. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, upande wa kuingilia hauna shoti. Ikibaki inawaka kwa nguvu, chomoa na urudi hatua ya pili. Sasa pima volti za kapasita kubwa, waya mweusi wa mita ukiwa kwenye mguu hasi wa kapasita hiyohiyo. Nasisitiza hili kwa sababu mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanagenzi, niliwahi kuuweka kwenye bati la fremu ya deki, nikapata namba isiyo na maana na kupoteza jioni nzima nikitafuta waya uliokatika ambao haukuwepo. Upande wa msingi wa transfoma na upande wake wa upili havichangii hasi moja, na kila upande unapimwa kwa hasi yake.

Ukikosa volti hapo ilhali fyuzi ni nzima, kagua swichi na risista ya kinga iliyo karibu na mlango wa umeme. Ukizipata volti hizo na deki bado imekufa, umefika kwenye kiini cha kazi.

Hatua ya nne, basi, ni sehemu ya kuanzisha. Chomoa, mwaga kapasita tena, kisha tafuta risista yenye kiloomu mamia kadhaa inayotoka kwenye volti kubwa kwenda kwenye aisii. Kapasita zote zikiwa tupu, risista iliyo kwenye bodi inaweza kusomeka chini ya thamani yake kwa sababu ya njia nyingine zilizo sambamba nayo, lakini ikisomeka juu sana ya thamani hiyo, imeharibika bila shaka. Karibu nayo kuna kapasita ndogo, mara nyingi ya mikrofaradi 22 hadi 47, ambayo watengenezaji wengi waliibana kando ya bati lenye joto, jambo ambalo sijawahi kuelewa lilipitishwaje. Isivimbe wala isivuje, bado inaweza kuwa mbovu, kwa kuwa kinachopanda ni ukinzani wake wa ndani, ambao mita ya kawaida haiuoni. Jaribio rahisi ni kuipasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele plagi ikiwa nje, kisha kuunganisha umeme: deki ikiamka, mkosaji amejulikana. Weka mpya inayostahimili nyuzi joto 105, yenye ukinzani mdogo wa ndani, uwezo uleule na volti sawa au zaidi, ukizingatia hasi na chanya na kuiinamisha mbali na bati.

Ikiwa badala ya kimya unasikia tik-tik-tik, pawasaplai inajaribu kuanza na kujizima, na shoti inawezekana iko upande wa upili. Pima daiodi za upande huo, kisha tenga kiunganishi kinachokwenda bodi kuu. Baadhi ya pawasaplai hazitulii bila mzigo, kwa hiyo weka balbu ya gari ya volti 12 na wati 5 kwenye njia ya volti 12.

Kabla ya kurudisha kiunganishi hicho, soma kila volti na ulinganishe na maandishi ya bodini, ambayo mara nyingi ni 5, 12 na volti hasi kadhaa za kioo cha saa. Njia ya 5 ikionyesha 7, usiunganishe, kwani kapasita iliyokauka kwenye sehemu ya udhibiti inaweza kupandisha volti zote na kuua aisii kuu, ambayo kuipata nyingine ni kazi ngumu kuliko ukarabati wote huu.

Kila kitu kikiwa sawa, iache deki ikifanya kazi saa nzima bila ile balbu ya mfululizo, kisha ichomoe ilale usiku kucha na kuiunganisha asubuhi ikiwa baridi kabisa, maana ugonjwa huu hujionyesha wakati wa kuanza tu. Kanda ya kwanza kuingiza iwe ile ambayo hutalia ikikatika.