Kidole kikikatika: namna ya kukifikisha kwa daktari wa upasuaji

Katika vibanda vya mbao vya Gikomba jijini Nairobi, na kule Kamukunji wanakofua masanduku ya bati, kidole huweza kukatika kabla mwenyewe hajahisi maumivu. Anza na damu: kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono, lakini usiufunge kwa waya wala kamba nyembamba, kwani huharibu mishipa ileile ambayo daktari ataitafuta. Vua pete kabla mkono haujavimba. Kidole kikiwa bado kinaning'inia kwa ngozi, usikikate, kwa maana huenda ukanda huo ndio unaokipitishia damu.

Katika kukihifadhi kidole chenyewe ndipo wengi wenye nia njema hukosea, kwa kukitumbukiza moja kwa moja katika barafu, ambayo hukiua. Kisuuze bila kukisugua, kizungushie kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya dripu na kukamuliwa, kisha ukitie ndani ya mfuko usiopitisha maji. Na kwa kuwa mifuko ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu 2017, glavu safi iliyofungwa mdomo itafaa. Glavu hiyo ndiyo iwekwe katika maji yenye barafu, ambayo wauza samaki hawakosi.

Kidole hakina misuli, na kwa hiyo huvumilia kukosa damu kuliko mkono mzima: takriban saa 12 kikiwa na joto, na saa 24 au zaidi kikipozwa vyema, ilhali mkono uliokatika juu ya kifundo una takriban saa 6 tu usipopozwa. Basi andika saa ya ajali, usimpe majeruhi chai wala chakula, na upige simu kuuliza ni hospitali ipi yenye daktari anayeunga mishipa kwa hadubini, badala ya kukimbilia zahanati iliyo karibu na kupoteza nusu siku.

Hata hivyo, namna kidole kilivyokatika huamua mengi kuliko saa. Kilichokatwa kwa makali huungika; kilichopondwa au kung'olewa aghalabu hakiungiki. Kidole gumba, vidole kadhaa kwa pamoja, na kidole chochote cha mtoto hupiganiwa zaidi. Kidole kimoja cha mtu mzima kilichokatikia karibu na shina huweza kupona kikiwa kigumu kisichokunjika, na kwa fundi, nadhani, kufunga jeraha na kurejea kazini mapema si kushindwa. Aliyeungiwa asiguse sigara, maana hubana mishipa. Neva hukua kama milimita 1 kwa siku, hivyo hisia huchukua miezi kurudi, na baridi ya Julai kidole hicho kitaihisi kuliko vingine.