Ukiovakloki kompyuta ikawa inakreshi, usikimbilie kuongeza volti

Wakuu habari zenu. Mashine nyingi ninazoletewa eti "nimeovakloki sasa inazingua" (yaani kaisukuma prosesa ikimbie kuliko spidi ya kiwandani) zinakuja na historia ileile, jamaa kila ikikreshi anaingia BIOS (ile menyu ya mipangilio ya kabla Windows haijawaka) anaongeza volti kidogo, ikikreshi tena anaongeza tena, mpaka prosesa inachemka kama jiko la mkaa na skrini ya bluu bado inakuja palepale. Siwacheki, mimi mwenyewe nilikesha siku mbili nikifanya hivyohivyo na mwisho wa siku prosesa haikuwa na kosa lolote, nitawasimulia mbele. Shida ni kwamba tunatoa dawa kabla hatujajua mgonjwa anaumwa nini.

Mfano ninaotumia ni mashine yangu ya mezani, prosesa ya Intel i5-8600K kwenye mothaboda ya Z370. Hiyo prosesa ilitoka 2017, ina kori 6, kiwandani inaanzia 3.6 GHz na ikiwa kori moja tu inafanya kazi inapanda mpaka 4.3. Mimi nilitaka kori zote sita zikimbie 4.8. Kama yako ni nyingine namba zako zitakuwa tofauti ila njia ni hiihii, na mwenye Ryzen, zile za AMD, tafadhali usichukue volti zangu ukazipachika kwako.

Hatua ya 1: bakapu, leo, sio kesho

Watu wanadhani prosesa ambayo haijatulia kazi yake ni kuzima tu. Hapana, kabla ya kuzima inakosea hesabu, na ikikosea wakati Windows inaandika kitu kwenye diski basi faili linaharibika kimyakimya, unakuja kugundua wiki mbili baadaye picha za harusi hazifunguki. Hamisha vitu vyako vya maana kwenye diski ya nje ndo tuendelee.

Hatua ya 2: rudisha kila kitu kama kilivyotoka dukani

Ingia BIOS, rudisha mipangilio ya mwanzo, XMP (mpangilio unaokimbiza ramu kwa spidi iliyotangazwa na aliyeitengeneza) izimwe pia, halafu ipige mashine mazoezi magumu na Prime95, programu ya kuitesa prosesa, kama nusu saa. Ikikreshi hata hapo basi ovakloki haihusiki, angalia pawa saplai, vumbi, ramu ambayo haijakaa vizuri. Nimeshaona mtu anahangaika na volti wiki nzima kumbe hitisinki, kile chuma cha kupoza prosesa, imelegea upande mmoja.

Kama mashine haiwaki kabisa baada ya kuweka namba kubwa usipanik, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya mviringo ya CR2032 kwenye mothaboda, subiri dakika chache rudisha. BIOS itasahau yote.

Hatua ya 3: joto

Washa HWiNFO64, programu ya kusoma joto na volti, iache wazi pembeni, halafu Prime95 chagua jaribio la Small FFTs. Hapo ndo utaona prosesa yako ina roho gani. Hii 8600K ikifika nyuzi 100 inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue, mimi nataka kwenye mateso ya Prime95 isipite 85 hivi. Tena kizazi hiki Intel waliweka pasta chini ya kile kifuniko cha chuma badala ya kukichomelea, kwa hiyo hata ukiwa na kuleri nzuri joto linachelewa kutoka.

Sasa sikia hili maana miongozo mingi ya huko nje inaandikwa na watu waliokaa kwenye chumba cha nyuzi 20. Mimi niko Dar, Februari chumba bila AC kinacheza 31, 32, na joto la chumba likipanda nyuzi 10 la prosesa nalo linapanda karibu hizohizo. Kwa hiyo usipime saa kumi na moja alfajiri pangaboi likiwa namba tano ukasema iko poa, pima saa nane mchana, muda ambao itakuja kukuabisha.

Na hapa ndo mtego wa volti ulipo. Umeme unaoliwa na prosesa unakua kwa mraba wa volti, ukitoka 1.25 kwenda 1.35 kwa spidi ileile umeongeza ulaji kama asilimia 17, na ulaji wote huo unageuka joto, na prosesa ya moto inataka volti zaidi ili itulie. Unaona mzunguko wenyewe? Unaongeza, inachemka, inakreshi, unaongeza tena.

Hatua ya 4: soma kosa linavyosema

Skrini ya bluu ikija usibonyeze tu kuwasha upya, piga picha na simu. Ikiandika WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT mara nyingi ni prosesa inalilia volti. Ikiwa MEMORY_MANAGEMENT, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA au IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL mimi naanza kumshuku ramu. Sio sheria ya Musa lakini inakuelekeza mlango wa kugonga kwanza.

Mashine isipokreshi ila Prime95 inaonyesha kori moja imesimama ikilalamikia "rounding", hiyo ni dalili nzuri kiasi, maana yake umekaribia, imebaki kidogo. Ikizima pap kama mtu kang'oa waya ukutani, bila bluu wala nini, angalia pawa saplai na joto la zile chipu za umeme zinazozunguka prosesa kwenye mothaboda. Halafu kuna ile Kernel-Power 41 kwenye Event Viewer (daftari la matukio la Windows) ambayo kila mtu anaikimbilia, ile inakwambia tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu, sababu haiijui, kama vile wewe tu. Ya kuitafuta ni WHEA-Logger namba 19, hiyo inamaanisha prosesa imekosea ikajisahihisha, haijakreshi bado lakini ipo njiani.

Hatua ya 5: tenganisha ramu na prosesa

Hapa ndo niliumbuka. Ramu zangu ni za spidi ya 3200 nikawa nimewasha XMP nikasahau, akilini mwangu XMP ni kama kuwasha taa, kila mtu anawasha. Kumbe XMP yenyewe ni ovakloki, hii 8600K rasmi Intel wanaihesabia ramu ya 2666. Siku mbili napandisha volti ya prosesa, 1.28, 1.30, 1.33, nikafika 1.36, kila baada ya dakika ishirini hivi naletewa IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL nami naipuuza, nashuka duka la chini nanunua soda narudi naongeza tena.

Fanya hivi. Zima XMP, ramu irudi 2133 au 2666, acha ovakloki ya prosesa peke yake uipime. Ikitulia, geuza, prosesa irudi kawaida halafu XMP iwashwe, na upime ramu kwa MemTest86 kutoka kwenye flashi, ile ya bure inakupa mizunguko minne, iache usiku kucha. Kosa moja tu ni kufeli, usijiambie "si moja tu". Kila kimoja kikipita peke yake ndo unaviunganisha, na vikigombana vikiwa pamoja shida iko kwenye kile kidhibiti cha ramu ndani ya prosesa. Hapo unagusa volti zake, VCCIO na VCCSA, mimi niliweka 1.10 na 1.15 kwa mkono kwa sababu bodi nyingine ukiziachia auto zinapandisha bila huruma. Hata hivyo zangu 3200 ziligoma, nikashusha 3000, na ghafla ile 4.8 iliyokuwa inakataa kwenye 1.36 ikakaa kimya kwenye 1.29. Nilicheka mwenyewe.

Hatua ya 6: sasa gusa volti, kwa adabu

Volti unayoandika BIOS sio inayofika prosesa ikiwa na kazi. Unaweka 1.30, kazi ikianza unaangalia HWiNFO64 unakuta 1.23. Kuna kitu kinaitwa LLC cha kuzuia huko kushuka, ila majina yake ni vurugu tupu, kwenye ASUS namba kubwa ndo kali, kwenye ASRock Level 1 ndo kali, MSI nao Mode 1 ndo kali, kwa hiyo ukinakili mpangilio wa mtu hakikisha bodi ni ya kampuni moja na yako. Chagua ya katikati. Ile kali kabisa usiweke, kazi ikikatika ghafla volti inaruka juu kuliko uliyoandika na programu hazikuonyeshi maana linatokea haraka mno.

Panda 0.01 au 0.02 tu, badilisha kitu kimoja, andika kwenye daftari, pima. Mimi naanza na Cinebench R23, programu nyingine ya kupima prosesa, dakika 10 kama chujio, ikipita Prime95 saa nzima, ikipita naifanyia kazi zangu za kawaida siku mbili tatu. Kwa kuleri ya upepo kwenye prosesa hii, kwa matumizi ya kila siku sivuki 1.35.

Ikitulia kwenye gemu ila inakufa ukirenda video au ukiwasha Prime95, hizo ni hesabu nzito ziitwazo AVX, weka AVX offset 2, yaani zikija 4.8 inashuka 4.6 halafu inarudi. Spidi ya kashe (kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa) nayo iache nyuma, 4.3 inatosha, faida yake ndogo na inakreshisha kweli.

Na kuna ile inayochanganya kuliko zote, mashine inavumilia Prime95 saa tatu halafu inaganda ukiwa umeiacha tu unakula. Hiyo ni volti ya mapumziko, ukitumia offset ya kupunguza (badala ya kuandika volti moja ya kudumu) inapunguza hata pale prosesa ilipokuwa imeshajishusha yenyewe. Punguza hiyo offset au rudi kwenye volti ya kudumu, kisha iache imekaa bila kazi usiku mzima uone.

Ikishatulia fungua Command Prompt kama msimamizi uandike sfc /scannow, inayokagua na kurekebisha faili za Windows, maana kreshi zote zile huenda zimechafua kitu kwenye Windows, na usipofanya hivyo utaanza kulaumu ovakloki kwa makosa ya faili zilizokufa wiki iliyopita.

4.9 nilijaribu. Ilitaka 1.38 na nyuzi 94, kwa nyongeza ya asilimia 2. Nikarudi 4.8 na 1.29 yangu.