Jinsi ya Kutambua Mitindo Mitatu ya Nguzo za Kigiriki

Mitindo hiyo ni Kidoriki, Kiioniki na Kikorintho. Ukisimama mbele ya jengo lenye safu ya nguzo, anza kwa kutazama chini. Nguzo ya Kidoriki, yenye umbo zito kuliko nyingine, haina kitako, bali hukaa moja kwa moja juu ya sakafu ya mawe, kama ilivyo katika hekalu la Parthenon mjini Athens, lililoanza kujengwa mwaka 447 KK na kuzungukwa na nguzo 46.

Kisha pandisha macho taratibu, ukifuata mifereji iliyochongwa kwenye mwili wa nguzo. Mifereji ya Kidoriki hukutana kwa ukingo mkali, ilhali ile ya Kiioniki hutenganishwa na ukanda mwembamba ulio bapa. Angalia pia jinsi nguzo ya Parthenon ilivyovimba kidogo sana kuelekea katikati. Hilo si kosa la fundi, bali ni jambo lililokusudiwa, na kwangu mimi hapo ndipo ustadi wa Wagiriki unapodhihirika kuliko popote.

Malizia kichwani. Kichwa cha Kidoriki ni duara la jiwe lililobeba kibao cha mraba, basi. Cha Kiioniki kimejikunja pande mbili kama pembe za kondoo dume, nawe utakiona kwenye hekalu la Erechtheion, jirani ya Parthenon, na pia mbele ya British Museum jijini London. Kikiwa kimevikwa majani ya mmea uitwao akantho, hicho ni cha Kikorintho, mtindo ambao Warumi waliupenda mno, na ambao leo umepamba lango la Mahakama ya Juu ya Marekani.