"Hamna shida" si tarehe: kwa mliosimama kati ya Mtwara na ofisi za ugenini

Mei 2024 mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam pale Somanga. Siku hizo nilikuwa nasubiri kilo mbili za sampuli ya korosho zilizobanguliwa, za daraja la ubora liitwalo W320, kutoka kikundi cha akina mama wa Mtwara mjini. Kampuni ninayofanyia kazi hapa Hamburg huagiza korosho na ufuta. Kwa kuwa mimi ni mtoto wa Mikindani, mazungumzo yote ya kusini nimetupiwa mimi. Mwenzangu Mjerumani akaniomba niulize kama sampuli itaondoka Ijumaa. Nikapiga simu. Mama mwenyekiti akajibu, "Hamna shida mwanangu, tutajitahidi." Nikaandika kwenye barua pepe: Ijumaa, imethibitishwa.

Sampuli ilichelewa wiki mbili na zaidi. Mjerumani alikasirika, lakini hasira yake haikuwa ya kucheleweshewa. Alikasirika kwamba hakuna aliyemwambia. Mama mwenyekiti naye akashangaa: "Habari ya Somanga iko redioni toka juzi, kwani wewe hukusikia?" Kwake yeye, kunipigia simu ili aniambie barabara imekatika ni sawa na kunipigia aniambie jua limezama. Tena habari mbaya hukimbizani nayo. Unasubiri uone kama itapata ufumbuzi, ndipo uitoe ikiwa na nafuu yake.

Aliyekosea pale ni mimi. Nimezaliwa kusini, najua vizuri "tutajitahidi" ni nini. Ina maana: nimekusikia, sitaki kukuvunja moyo, na mambo yako mikononi mwa Mungu na mwa dereva. Mimi nikaitafsiri kuwa tarehe. Kwa Mjerumani tarehe ikishaandikwa huanza kuzaa tarehe nyingine: maabara imewekewa nafasi, mteja ameahidiwa, mtu wa ghala amebadilishiwa zamu. Ukimwambia Jumatatu kwamba haiwezekani, atapanga upya bila neno. Ukimwambia Ijumaa jioni, umemharibia watu wanne.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaambia wanaoanza kazi ya aina hii: acha kuuliza swali ambalo linajibika kwa "ndiyo". Usimuulize mtu wa Mtwara "Mtaweza Ijumaa?" Heshima yenyewe inamlazimisha akubali. Muulize mzigo uko wapi muda huu, umeshafungwa au bado, gari gani linabeba, dereva kashapatikana? Hapo hakuna wa kumuaibisha, kuna gari tu, lipo au halipo. Na ukirudi kwa wazungu wako usiwaambie "wamekubali". Waambie: mzigo umefungwa, gari bado. Wataelewa haraka kuliko unavyodhani, maana hiyo ndiyo lugha yao.

Upande wa pili ni wewe mwenyewe kazini. Bosi akikupa kazi ya siku tano na kukutaka uimalize kwa siku mbili, usitabasamu ukasema sawa. Sema papo hapo: siwezi kabla ya Jumanne. Mara ya kwanza nilihisi nimemkosea adabu mtu mzima. Yeye akaandika "Jumanne" na kuendelea na kahawa yake.

Sasa, si wageni wote ni Wajerumani, na hapo ndipo wengi huteleza: wanajifunza tabia ya ofisi moja kisha wanaipeleka kote. Tuna wateja wa ufuta Japani. Nchi ile huagiza karibu ufuta wake wote kutoka nje, na kipimo chao cha mabaki ya viuatilifu ni kikali: kwa kemikali isiyowekewa kiwango chake maalumu, mpaka ni sehemu 0.01 katika milioni. Ndiyo maana maswali yao hayaishi. Shamba lilipuliziwa nini, lini, jirani je? Katibu mmoja wa chama cha ushirika huko Lindi aliniuliza kama wanamshuku wizi. Nikamweleza kwamba mtu asiyetaka kununua huwa haulizi maswali arobaini.

Lakini kwenye kukataa, Mjapani na mtu wa Lindi ni ndugu wa toka nitoke. Akisema "hai" katikati ya maneno yako, anakuambia anakusikiliza, hajakubali chochote. Akivuta pumzi kidogo na kusema "itakuwa vigumu", ndiyo "tutaangalia" yetu: jibu limeshatoka, ni hapana. Mjerumani wangu alitoka kwenye kikao kama hicho akifurahi kwamba kuna matumaini. Mimi nilijua tumenyimwa toka dakika ya kumi.

Wana neno pia, nemawashi, lililotoka kwa watunza miti: kuiandaa mizizi kabla ya kuuhamisha mti. Kazini maana yake ni kumwendea kila mhusika kando, mmoja mmoja, kabla ya kikao, ili kikao chenyewe kiwe cha kupitisha tu. Niliposimuliwa nilicheka. Kwetu mkutano mkuu wa ushirika ukikaribia, watu hawalali. Huyu kaenda kwa mzee yule baada ya magharibi, yule kaitwa barazani. Anayeibuka na hoja mpya mkutanoni bila kupita majumbani ataambiwa akae. Ukiwa na kampuni ya Kijapani, fanya vile vile ulivyoona babu yako akifanya. Ukiwa na Waholanzi, njia hiyo haikusaidii: wao hoja huivunja palepale mezani, mbele ya wote. Mholanzi mmoja aliiita taarifa yangu mbaya mbele ya watu wanane, kisha akaniuliza kama tutakula pamoja mchana. Ilinichukua mwaka kumzoea. Dawa niliyoipata ni kumhesabu kuwa mtani. Mtani anakwambia ukweli mchungu hadi msibani, nawe huruhusiwi kununa.

Wahindi na Wavietnamu, ambao ndio wanunuzi wakubwa wa korosho zetu ghafi, biashara yao ni ya simu, si ya barua pepe, na bei haijafungwa mpaka imefungwa kweli. Kwao angalia zaidi kalenda. Msimu wetu unaanza Oktoba, na Tet, mwaka mpya wa Kivietnamu, huangukia kati ya mwisho wa Januari na Februari. Viwanda hufungwa, na barua zako zitalala. Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, Falme za Kiarabu zimehamia Jumamosi na Jumapili toka 2022. Wafaransa na Waitalia usiwatafute Agosti, wako likizo.

Ukiona haya ni mambo madogo, kumbuka bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili gani. Waingereza walianza mpango wa karanga 1947, Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea, wakaleta matrekta, wakajenga reli kutoka pwani. Wataalamu wao walikuwa na ramani na hesabu zote. Mizizi ikavunja majembe, mvua hazikufuata hesabu, na 1951 mpango ukaachwa baada ya kula zaidi ya paundi milioni 30. Reli iling'olewa. Kuna wazee waliokuwa wakijua udongo ule kwa jina lakini hawakuwa na kiti kwenye vikao. Ukiulizwa ofisini "hivi kwa nini tupoteze muda kuwasikiliza wakulima", una mfano wako, na ni wa hela yao.

Saa nazo. Huu ni mtego wetu peke yetu, hakuna kitabu cha ofisi kitakachokuonya. Mama mwenyekiti alisema kikao kiwe saa tatu. Mjukuu wake, anayejua Kiingereza, akaandika 3. Akina mama kumi wakakaa mbele ya simu asubuhi wakiwa na kanga zao nzuri, na Hamburg ikawasha kamera alasiri. Tangu hapo naandika namba zote mbili kila mara: saa tatu asubuhi, 9:00 ya Mtwara, 8:00 ya Hamburg. Tena Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, msimu wa korosho ukiwa umeshaanza, na hapo Mtwara inakuwa mbele ya Ujerumani kwa saa mbili badala ya moja. Kikao kile kile cha 8:00 kinahamia saa nne bila mtu yeyote kukuambia.

Salamu: mfundishe mwenzako "shikamoo". Mjerumani wangu alikuwa akifungua simu na kuita jina la mama mwenye wajukuu, kisha namba ya kontena. Siku aliyosema "Shikamoo mama", alitajiwa bei ambayo mimi nilikuwa sijaambiwa. Wewe nawe ukiwaandikia Wajerumani, salamu ni mstari mmoja. Ukiuliza hali ya watoto watadhani unataka kukopa.

Zawadi ni jambo la sheria, msilipuuze. Niliwahi kumbebea mkaguzi wa ubora wa kampuni moja ya Uingereza pakiti mbili za korosho, kama mgeni asivyokwenda mikono mitupu. Zilirudishwa na barua. Sheria ya rushwa ya Uingereza ya 2010 inamfuata mtu hata akiwa nje ya nchi, na haitambui "ya chai" ya kuharakisha karatasi, iwe ndogo kiasi gani. Uliza kwanza kwa mwanasheria wa kampuni, na kwa wa nyumbani eleza kwamba kukataa si dharau.

Msimu uliopita nilimwandikia mama mwenyekiti: "Mama shikamoo. Habari za nyumbani? Naomba kujua, maboksi yamefungwa mangapi, na gari limeshafika?"

Akajibu baada ya nusu saa: "Marahaba mwanangu. Arobaini. Gari halijaja, na leo haliji. Mwambie Mjerumani wako aende akalale."